Mzinga Uliokwama Mlango wa Jiko

Mtu akiniambia leo kwamba hasira zimeniisha, humcheka mpaka nakohoa. Hazijaisha. Nimezihifadhi vizuri, kama samaki kwenye friza, na kila nikisikia neno mzinga nazitoa nazikuta bado mbichi, mkia na macho yake.

Niliishi Doha miaka tisa nikilinda milango. Nilikwenda kule na cheti changu cha kidato cha nne, nilichokisotea kwa masomo ya jioni Tanga, baada ya kubeba magunia mchana kutwa, kwenye darasa ambalo nusu ya wanafunzi walikuwa na wajukuu na nusu iliyobaki walikuwa wamesinzia. Ninakitaja cheti hiki mapema kwa sababu kina mkono wake katika maovu yote yanayofuata. Hesabu nilipata B. Hakuna mtu Ghuba nzima aliyekaa nami wiki moja bila kuijua habari ya ile B. Nadhani hata ngamia waliijua.

Miaka hiyo mji ulikuwa unaota minara kila kukicha. Ukienda likizo ukirudi unamkuta jirani yako ana ghorofa arobaini. Mimi nilikuwa zamu ya mchana kwenye hoteli moja ya Al Sadd. Kanuni kuu ya hoteli ile ilikuwa moja, nyingine zote zilikuwa wajukuu zake: watu wa nyuma hawaonekani mbele. Mpishi, dobi, fundi bomba, seremala, wote walipita geti la nyuma, wakatembea korido za nyuma, wakapanda lifti ya nyuma, na nina hakika hoteli ingeweza ingewawekea na jua lao la nyuma. Mgeni alitakiwa aamini kwamba shuka hujitandika zenyewe. Mimi ndiye niliyesimama mpakani. Siku tatu za wiki nilikaa geti la nyuma, siku tatu nilisimama mapokezi ndani ya suti inayonibana makwapa, kazi yangu ikiwa kuhakikisha ovaroli haligusi marumaru. Niliifanya kazi hiyo vizuri. Hilo nalo linanikasirisha.

Seremala wa hoteli alikuwa Mhindi wa Rajasthani, mtu mrefu hasa, aliyeingia stoo yake kwa awamu mbili: kwanza magoti, halafu kichwa kinafuata baadaye kidogo. Miaka sita alikuwa akitengeneza droo zilizokwama na miguu ya vitanda iliyolegezwa na maharusi. Tulikula pamoja mchana kwenye uwanja wa kushushia mizigo, nyuma ya jiko, tumekaa juu ya kreti za maji. Lugha yetu ilikuwa ile ya kila mtu kule, Kiarabu cha mtaani kilichochomekwa Kihindi na Kiingereza cha kuokota, na hapa nitaiandika yote kwa Kiswahili ili nisiwatese. Mimi nilimwita bhai, kaka. Yeye aliniita masta, kwa ajili ya ile B.

Siku moja hoteli ikatangaza wiki mbili za vyakula vya Kihindi. Mudiri wa hafla, maana kule kila bosi ni mudiri hata akisimamia ndoo, alikuja nyuma na picha aliyoikata kwenye jarida. Ilikuwa picha ya mzinga. Lakini mzinga gani! Si hii mizinga yetu ya pwani inayolala majanini huku mbuzi wakiikalia. Huu ulikuwa na magurudumu yaliyompita mtu kimo, na mtutu mnene kama shina la mbuyu mchanga, umekaa chini ya paa lake juu ya kilima, kwenye ngome ya zamani, ukiuangalia mji kwa chini kama mwenye nyumba.

"Huu nautaka mapokezi," mudiri alisema. "Ukubwa wake wenyewe. Sitaki mwanasesere."

Seremala aliitazama picha bila kuipokea. "Naujua huu."

"Kila mtu anaujua. Umo kwenye jarida."

"Hapana, bosi. Baba yangu ndiye anayeufuta vumbi."

Mudiri alicheka, akidhani ni utani, akamwachia picha juu ya kreti na kwenda zake. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwona mwenzangu usoni.

Ndipo akanisimulia. Baba yake alikuwa mlinzi wa mzinga ule. Mlinzi! Kama mimi! Tangu ujana wake alipanda kilima kila asubuhi na chupa ya mafuta na tambara, akaufuta mtutu kutoka nyuma hadi mdomoni, ambako kumechorwa tembo, na katikati kuna majani na ndege. Mzinga haukuwahi kwenda vitani hata siku moja. Wanasema ulipigwa mara moja tu, kwa kujaribiwa, tufe lake likaanguka mbali huko likachimba bwawa, na aliyeuwasha alijitupa kwenye tangi la maji ili masikio yasipasuke. Hivyo ndivyo alivyonisimulia yeye. Nilipowasimulia wenzangu kambini jioni ile, tufe lilikuwa limevuka mito saba, bwawa limekuwa ziwa, na ziwa lina wavuvi.

Alipokuwa mdogo hakuruhusiwa kuugusa. Watalii waliugusa, mawaziri waliugusa, ila yeye, mtoto wa mlinzi, akisogeza kidole tu, baba anamfokea mbele za watu. Siku nitakapoacha kazi, baba alimwambia, ndipo tambara litakuwa lako, na utaugusa kila siku mpaka uuchoke. Naye kijana alipofika umri wa kupewa tambara, alipanda ndege akaja Doha. Baba hakumsamehe. Miaka sita hawakusemezana hata neno. Salamu zilipita kwa mama, kama mizigo inavyopita kwa wakala.

"Sasa vipimo utavipata wapi?" nilimuuliza.

Alitoa simu, akaiangalia, akairudisha mfukoni. Akaitoa tena. Chakula chake kilipoa, nami, kwa kumwonea huruma, nikakila.

Siku ya tatu alipiga. Nilikuwa pembeni yake na daftari langu la geti, kwa sababu aliniomba niandike na pia kwa sababu, nadhani, aliogopa kuwa peke yake. Mama akapokea, simu ikapelekwa kwa baba, na baba akanyamaza. Ukimya ule niliusikia kutoka kwenye kreti yangu. Seremala aliongea peke yake, haraka haraka, na nilisikia neno moja tu nililolijua, top, ambalo kwao ndio mzinga. Aliporudia neno hilo mara ya tatu, upande wa pili mzee alikohoa akasema jambo fupi.

"Anasemaje?"

"Anasema nipige kesho saa nne. Atakuwa juu."

Kesho yake saa nne mzee alikuwa amesimama kando ya mzinga wake na simu ya mpwa wake mkononi, na kazi ikaanza. Tepu ya kupimia alikataa. Alisema kitu kile kilizaliwa kabla ya tepu, na yeye mwenyewe alifundishwa kuupima kwa dhiraa, kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, na kwa shubiri palipo padogo. Basi akawa anapima, anataja, mwanawe anarudia, mimi naandika. Mtutu dhiraa kadhaa na shubiri moja. Gurudumu dhiraa kadhaa. Umbali kutoka tembo mpaka ndege wa kwanza. Tulipiga simu siku nne mfululizo. Siku ya nne mzee alimaliza vipimo, halafu akasema kitu kirefu kidogo. Seremala aliinama.

"Anataka picha," aliniambia baadaye. "Mzinga ukiwa umekamilika, na mimi nimesimama kando yake, mkono wangu juu ya mtutu. Anasema akiiona hiyo, yaliyopita yamepita."

"Kumbe rahisi!" nikasema.

Nilisema rahisi, mimi mwenyewe, kwa kinywa hiki.

Kugeuza dhiraa kuwa mita nilijitolea mimi. Nani mwingine? Niliomba mkono wa seremala, nikaunyoosha juu ya kreti, nikaupima kwa tepu kutoka kiwiko hadi kidole, nikauzidisha kwa kila alichotaja mzee, nikaandika majibu kwenye ukurasa safi na kuyapigia mistari miwili kwa rula, kama tulivyofundishwa. Yalipendeza sana. Ungeweza kuyatundika ukutani. Sikujiuliza hata sekunde moja kama mkono wa baba na mkono wa mwana ni mkono mmoja. Yule mzee, niligundua baadaye, alikuwa mtu mfupi. Urefu wote ule ulitoka ujombani.

Alijenga kwa wiki sita. Mbavu za mbao, ngozi ya plaiwudi nyembamba aliyoikunja kwa mvuke wa birika la jikoni, juu yake plasta, juu yake rangi aliyoichanganya mwenyewe mpaka ikawa ile ya shaba iliyofutwa mafuta maisha yake yote. Tembo wa mdomoni alimchonga kwa siku tisa kutoka miguu ya vitanda vya zamani vilivyotupwa. Alimchonga akiwa amekaa sakafuni, tembo mapajani, kama anamkata nywele. Wapishi waliacha vyungu vikaungua ili waje kuangalia. Mimi niliandika kwenye daftari la geti: hakuna tukio. Uongo mtupu; lilikuwa ndilo tukio kubwa kuliko yote niliyowahi kulinda.

Siku ya kuuhamisha ilikuwa ndiyo siku ya ufunguzi. Magurudumu na kitako vilipita vizuri kwa vipandevipande. Mtutu ukaja mwisho, juu ya toroli mbili, watu wanane wanausukuma. Njia ilikuwa korido ya nyuma, halafu kona kwenye mlango wa jiko, halafu mapokezi. Watu wa mudiri walikuwa wameipima ile kona kwa urefu ulioandikwa kwenye jarida, wakasema utapita na nafasi itabaki.

Ulifika kwenye kona, ukageuka nusu, ukasimama.

Waliusukuma. Ukalia kama ng'ombe. Waliurudisha, wakaujaribu kwa juu, wakaujaribu kwa ubavu, na safari hii ukakwama kabisa, tembo kaingia jikoni, makalio yamebaki korido, na mlango wote umezibwa kama chupa kwa kizibo. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Wahudumu upande mmoja na sahani tupu, wapishi upande wa pili na biriani.

Mwenzangu wa zamu, Mkenya wa Nakuru mwenye mdomo mpana kuliko geti alilolilinda, aliinama akachungulia chini ya mtutu. "Buda, hii kitu imekwama ka kiboko kwa mlango ya choo. Wapitishieni chakula huku ndani ya tundu!"

Na wallahi ndivyo ilivyofanyika. Sahani kumi za kwanza za biriani zilisafiri ndani ya mtutu wa mzinga. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi pia nilicheka, mpaka nilipotoa tepu ya seremala na kuupima mtutu, kisha nikaitazama namba iliyokuwa kwenye jarida. Mzinga wetu ulikuwa umezidi mita moja kamili. Nikauangalia mkono wa seremala, mrefu kama kasia, ukiwa umeshika ukingo wa mlango. Kicheko kikanikauka mdomoni.

Mudiri alifika na kundi lake. "Kateni."

"Bosi," seremala alisema, "nipe saa moja. Nitoe fremu ya mlango, tupitishe, niirudishe. Hakuna atakayejua."

"Wageni wanaingia saa kumi na mbili. Kata."

"Basi nikate hapa, nipitishe vipande viwili, niuunge ukiwa mapokezi. Nusu saa tu."

"Ufanye useremala mbele ya wageni? Na harufu ya gundi? Kata hicho kipande, kibaki huku. Mzinga utatosha bila pua." Halafu akageuka, akatukodolea wote. "Na nani aliyefanya vipimo hivi vya kijinga?"

Hapa ndipo samaki wangu alipo kwenye friza. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Daftari lilikuwa kwapani, na ukurasa wenye mistari miwili ya rula ulikuwa ndani yake. Nina mdomo ambao haujawahi kufungwa na mtu yeyote: si na mwalimu, si na sajenti, si na mama mkwe. Siku hiyo ulijifunga wenyewe.

Seremala alinitazama. Mara moja tu. "Mimi," alisema.

"Basi ukate mwenyewe."

Akakata mwenyewe. Alipiga magoti jikoni, kati ya masufuria, akamkata tembo wake pamoja na shingo ya mtutu, kwa msumeno wa mkono, polepole, akifuata mstari aliouchora kwa penseli ili pakatike pazuri. Mtu anaweza kuvumilia mengi ughaibuni, kufokewa, joto la kukaanga mayai juu ya kofia, kulala wanane chumba kimoja na mmoja wao anajifunza tarumbeta. Lakini kumwona fundi anaikata kazi yake kwa ustadi uleule alioijengea, kwa amri ya mtu asiyeweza kupigilia msumari kwenye siagi! Sijui kama nimewahi kuchukia kiumbe kama nilivyomchukia mudiri siku ile, na nilimchukia zaidi kwa sababu ilikuwa rahisi kumchukia yeye kuliko kujiangalia.

Usiku wa ufunguzi mzinga ulisimama mapokezi bila pua. Wageni waliusifu. Watoto walipanda. Mudiri aliwaambia kuwa ni ubunifu wa timu yake. Seremala alikuwa nyuma anatengeneza kiti.

Siku zilizofuata aliomba kibali cha dakika kumi na tano: arudishe tembo, apigwe picha. Barua niliiandika mimi, kwa Kiingereza changu bora kabisa, chenye maneno marefu mpaka mengine ilinibidi niyakunje ili yaenee. Jibu lilirudi kwa mdomo: watu wa nyuma hawaonekani mbele. Huko kwao mzee alikuwa ameanza kupiga simu mwenyewe. Kila baada ya siku mbili. Neno moja tu: bado? Na mwanawe anajibu: bado. Nilimwambia tuupige picha ukiwa hivyohivyo, mzee ataelewa. Alinitazama kama nimemshauri amtumie mama yake picha ya maiti.

"Baba anaufuta mpaka mdomoni kila siku. Nimpelekee usio na mdomo? Atasema hata huo nimeushindwa."

Zikabaki siku tatu shughuli iishe na mzinga uvunjwe. Alipungua. Mtu mrefu akipungua inatisha, anakuwa kama ngazi iliyoegeshwa. Nami nikawa sili. Narudia: mimi, sili. Mkenya alidhani nina malaria.

Ijumaa ya mwisho nilikuwa mapokezi. Kwa kawaida tulikuwa na mpango wetu: asubuhi Mkenya anakwenda kanisani Mesaimeer, maana kule hata Wakristo husali Ijumaa, mimi namshikia, adhuhuri yeye amerudi, mimi nakwenda msikitini. Saa hiyo ya sala hoteli hunyamaza, na mudiri hutoka kwenda kula kwingine, jambo ambalo lilitosha kukuambia anaviaminije vyakula vya kwake. Mkenya aliporudi nilimwambia, leo siendi. Shika geti la nyuma, na ukimwona mtu mrefu amebeba kitu kwenye shuka, mpishe.

Hakuuliza. Alinipiga begani. "Sawa buda. Dhambi yako nimeshaiombea kule Mesaimeer, ilikuwa kwa ofa."

Mungu anisamehe sala ile. Seremala alitokea kwenye mlango wa huduma, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linaweza kusimama peke yake, tembo kifuani ndani ya shuka la hoteli. Alisimama pale ovaroli zinapoishia na marumaru yanapoanzia. Miaka sita hakuwahi kukanyaga pale. Aliniangalia, mlinzi wa mpaka.

"Pita, bhai."

Akavua viatu. Sikumwambia avue. Alitembea kwa soksi mpaka kwenye mzinga.

Alikuwa ameshatoboa matundu na kuandaa vigingi vya mbao siku nyingi, gundi kidogo tu isiyonuka. Alimsogeza tembo, akagonga kwa kiganja mara tatu, akapitisha kitambaa chenye rangi kwenye mshono. Usingeuona. Nilikuwa nimeshuhudia ukikatwa na sikuuona. Mtutu ukatoka mbele na kuijaza mapokezi yote, mita moja ile ya uongo wangu ikielea juu ya zulia, na nitakuapia hata taa za dari ziliinua miguu.

Kisha akanyoosha mkono wake ule, akauweka juu ya mtutu, kiganja chote. Nikapiga picha. Nikapiga nyingine. Nilipiga kama ishirini, maana nilikuwa sijiamini tena kwa chochote kinachohusu kipimo.

Mlango wa mbele ukafunguka, mudiri akaingia na wageni wanne.

Wageni wakasimama. Mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, akaenda moja kwa moja hadi kwa tembo akagusa mkonga wake, akagusa paji la uso wake mwenyewe, akasema jambo kwa wenzake, wote wakaanza kupiga makofi. Na mudiri, bila kupepesa jicho, akatabasamu akasema: "Tuliamua kuwazindulia sehemu ya pili leo."

Tuliamua! Nikajisikia kitu kinapanda kutoka visigino. Sijui kilipita wapi, lakini kilipotoka mdomoni kilikuwa kimeshakuwa sauti, na sauti yangu ninapokasirika huzima redio za jirani.

"Nani aliamua, bosi? Huyu ndiye aliyeujenga. Wewe ndiye uliyeukata. Na vipimo vya kijinga ulivyouliza siku ile ni vyangu mimi, hivi hapa kwenye daftari, nikanyamaza akabeba yeye!"

Wageni hawakuelewa Kiarabu changu cha mtaani, au walijifanya. Mudiri alielewa. Aliendelea kutabasamu mpaka wageni wakaingia kwenye lifti, kisha tabasamu akalizima kama swichi. Seremala onyo la mwisho. Mimi nisionekane tena kwenye hoteli ile. Kuanzia Jumapili nililinda ukuta wa shamba kule Umm Salal, mimi na mbuzi, na mbuzi ndio waliokuwa na kivuli.

Lakini hilo lilikuja baadaye. Saa ile tulirudi nyuma, tukakaa juu ya kreti. Picha alishaituma kwa simu ya mpwa wa baba. Nikamwambia, bhai, nisamehe. Nilipima mkono wako badala ya kuuliza wa baba yako. Umekatwa mzinga wako kwa ajili ya ujinga wangu.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Mkono ulikuwa wangu, masta. Uliupima hapahapa juu ya kreti. Unadhani siujui mkono wa baba yangu? Umenipiga makofi utoto mzima." Aliangalia kucha zake. "Niliona. Nikaacha. Nilitaka wangu uwe mkubwa kuliko wake. Kidogo tu."

Nilisimama. Nilimwita majina ambayo hata darasa la jioni halifundishi. Wiki mbili sili! Nimekonda mpaka suti imeniachia makwapa! Nimepoteza kazi ya kivulini! Yeye anacheka, mabega yanaruka, mara ya kwanza tangu msumeno. Na katikati ya kumfokea nikatambua kwamba maneno yake hayaniondolei kitu. Siku ile jikoni mimi sikulijua hilo. Siku ile nilidhani kosa ni langu lote, na bado nilinyamaza. Hasira ya kumfokea ikaniishia. Hii nyingine ndiyo ninayoishi nayo.

Simu yake ikalia. Alisimama kuipokea, kama mtu anayeitwa ofisini.

Sauti ya mzee niliisikia mpaka nilipokuwa. Hakusalimia. Alianza kwa kufoka, na akafoka bila kupumua, mzee yule mfupi, kutoka juu ya kilima chake mpaka Al Sadd, naye mwanawe ameishika simu kwa mikono miwili akisema tu ji, ji, ji, yaani naam, naam.

"Anasemaje?" nilinong'ona.

Alifunika simu kwa kiganja. "Ndege wa nyuma wanaangalia upande mbaya. Gurudumu la kushoto limezidi mbao moja. Masikio ya tembo ni ya tembo jike. Anauliza nani alinifundisha kazi. Na anasema huo ni mkubwa mno, nimejivuna."

"Amekasirika sana?"

"Sana," akasema, machozi yanamshuka mpaka kwenye lile shati. "Anasema bado hajafika nusu. Una kalamu?"

Nikampa. Alikaa sakafuni, simu begani, akaanza kuandika makosa yake kwenye ubao wa kreti, moja baada ya jingine, wakati mzinga wenyewe ulikuwa umebakiza siku mbili kuvunjwa.